Mlango wa Chumvi na Sukari

Kati ya Aprili 28 na 29, 1994, katika muda wa saa 24, umati wa Wanyarwanda ulivuka daraja la Rusumo na kuingia Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikadiria kuwa walikuwa watu 250,000, na likasema halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakikimbia kwa kasi kama hiyo. Wilaya ya Ngara yenyewe, kwa sensa ya 1988, ilikuwa na wakazi karibu 160,000. Kabla jua la siku ya pili halijatua, wageni walikuwa wameshawazidi wenyeji. Walikuja na magodoro kichwani, masufuria, mbuzi, na watoto mgongoni. Chini ya daraja, Mto Kagera, ukiwa umeshapokea maji ya Ruvubu, ulipitisha maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda zikielekea Ziwa Victoria.

Walielekezwa Benaco, mahali palipobakiwa na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyowahi kuweka kambi hapo wakati wa kujenga barabara. Palikuwa na bwawa, barabara ya lami na nafasi. Zaidi ya hapo palikuwa na nyasi.

Umati uliochoka, unaolala chini na kunywa maji ya bwawa, hufuatwa na kuhara. Hakuna hospitali duniani inayoweza kumtundikia dripu kila mgonjwa katika hali hiyo. Kilichowezekana ni pakiti ya unga mweupe, isiyofika gramu 28, inayochanganywa na lita moja ya maji safi. Mama yeyote wa Tanzania anaijua: ORS, chumvi za kunywa za kurudisha maji mwilini. Inafanya kazi kwa sababu ya jambo linalotokea kwenye utando wa seli za utumbo mdogo, na jambo hilo halikuwa limeelezwa na mtu yeyote hadi mwaka 1960. Ilichukua miaka mingi, vifo vingi, na kambi nyingine ya wakimbizi mbali sana na Kagera, hadi pakiti ile ikafika Ngara.

1831–1876: Ugonjwa ulijulikana, dawa haikuwapo

Kipindupindu kilipoingia Uingereza mwaka 1831, daktari kijana aitwaye William Brooke O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa, akakuta imepoteza sehemu kubwa ya maji na chumvi zake. Mwaka uliofuata Thomas Latta, daktari wa Leith huko Scotland, akajaribu kurudisha kilichopotea: alitia maji ya chumvi moja kwa moja kwenye mshipa. Wagonjwa waliokuwa wamekata kauli waliinuka wakazungumza. Lakini maji yale hayakuwa safi, mara nyingi hayakutosha, na wengi walifariki baada ya saa chache. Latta naye alikufa mwaka 1833. Wenzake wakaiacha njia hiyo, wakarudi kuwatoa wagonjwa damu na kuwapa dawa za kuendesha tumbo, yaani kuwapunguzia maji watu waliokuwa wakifa kwa kukosa maji.

Afrika Mashariki haikuachwa nje. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara kupitia nchi ya Wamaasai, kikafika Pangani, kikavuka bahari hadi Unguja. James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa akiishi Unguja, alikifuatilia kipindupindu kwa kufuata njia za misafara ya biashara, na kitabu chake juu ya magonjwa hayo kilichapishwa London mwaka 1876. Ni mojawapo ya kazi makini zaidi za tiba kuandikwa juu ya pwani yetu katika karne ile. Christie alionyesha kuwa ugonjwa husafiri pamoja na watu. Namna ya kuyarudisha maji mwilini mwa mgonjwa hakuwa nayo, wala hakuna aliyekuwa nayo.

1890–1960: Kutafuta milango

Jibu halikutoka wodini. Lilitoka kwa watu waliokuwa wakiuliza swali lililoonekana dogo: seli huruhusu nini kuingia, na huzuia nini?

Katika miaka ya 1890, Ernest Overton, akifanya kazi Zürich, alizamisha seli za mimea na wanyama katika mamia ya vimiminika tofauti. Akagundua kwamba vitu vinavyoyeyuka katika mafuta hupenya haraka, na visivyoyeyuka katika mafuta hukwama nje. Akahitimisha kuwa kinachoizunguka seli kina asili ya mafuta. Mwaka 1925 Evert Gorter na François Grendel wa Leiden, Uholanzi, walitoa mafuta yote katika chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo karibu mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Utando, basi, ni tabaka mbili za mafuta zilizolaliana.

Hapo likazuka tatizo kubwa. Sukari haiyeyuki katika mafuta. Chumvi haiyeyuki. Na bila sukari na chumvi seli haiishi. Lazima basi pawepo milango katika utando huo, na lazima milango hiyo ichague.

Mlango wa kwanza kueleweka vizuri ulipatikana katika neva za kaa. Mwaka 1957 Jens Skou, Mdenmaki wa Aarhus, alieleza juu ya protini inayotumia nishati ya seli kusukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Leo tunajua hesabu yake: sodiamu tatu zikitoka, potasiamu mbili zinaingia. Kazi hiyo haikomi usiku wala mchana, katika kila seli ya mwili wako. Matokeo yake ni kwamba ndani ya seli sodiamu ni chache kila wakati na nje ni nyingi, na hiyo iliyo nje inasukumwa muda wote kurudi ndani. Skou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997, miaka 40 baadaye.

Agosti 1960, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alichora mchoro uliounganisha mambo haya. Alikuwa akichunguza jinsi utumbo unavyonyonya sukari. Kwa maelezo yake, katika utando wa seli ya utumbo kuna mlango mmoja unaobeba vitu viwili kwa pamoja, sodiamu na glukosi. Sodiamu, kwa kuwa inasukumwa kuingia, inaivuta glukosi hata pale ambapo ndani ya seli glukosi tayari ni nyingi. Ikikosekana mojawapo, mlango haufanyi kazi. Vyote viwili vikiingia, maji huvifuata, maana maji siku zote hufuata palipo na chumvi na sukari nyingi.

Kwa wasomaji wa Kagera mchoro huu unafaa kuelezwa kwa kivuko: mtumbwi mmoja, wapiga makasia wawili, na hauondoki gatini hadi wote wawili wawe wamepanda. Mwaka 1987 kundi la Ernest Wright, California, lilifanikiwa kupata jeni la protini hiyo, wakaipa jina SGLT1. Ikathibitika kuwa kila molekuli moja ya glukosi huvuka pamoja na sodiamu mbili.

Mwaka mmoja kabla ya Prague, Sambhu Nath De wa Kolkata alikuwa ameonyesha, kwa kutumia utumbo wa sungura, kwamba bakteria wa kipindupindu huua kwa sumu anayoitoa, bila kuhitaji kuivamia damu. Baadaye ikaeleweka sumu hiyo inafanya nini. Inailazimisha seli ya utumbo kufungua mlango wa kloraidi na kuuacha wazi. Kloraidi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, maji yanavifuata vyote. Mtu mzima anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Lakini mlango wa Crane sumu hiyo haiugusi. Seli inavuja upande mmoja, na upande wa pili bado ina uwezo kamili wa kunywa, mradi ipewe sodiamu na glukosi kwa pamoja. Ndiyo maana maji matupu hayamsaidii mgonjwa wa kipindupindu, na maji ya chumvi peke yake hayamsaidii pia. Nadhani hakuna sentensi nyingine katika elimu ya seli iliyookoa watoto wengi kuliko hiyo.

1962–1978: Kutoka Manila hadi Bangaon

Kati ya kujua na kutibu kulikuwa na miaka ya makosa. Mwaka 1962 Robert Phillips, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu mjini Manila mchanganyiko wa glukosi na chumvi, akaona unanyonywa. Jaribio lililofuata lilitumia mchanganyiko mzito mno, baadhi ya wagonjwa wakafa, na Phillips akarudi nyuma kwa hofu. Mchanganyiko mzito una kasoro inayoeleweka kwa osmosisi: kukiwa na sukari na chumvi nyingi kupita kiasi ndani ya utumbo, maji hutoka kwenye damu kuja utumboni, na mgonjwa anazidi kukauka.

Mwaka 1968, katika maabara ya utafiti wa kipindupindu iliyokuwa Dhaka, David Nalin na Richard Cash walipata vipimo sahihi. Jambo lao la maana zaidi lilikuwa nidhamu: mgonjwa anywe kiasi kile kile anachopoteza, kipimwe, kirudishwe. Mahitaji ya dripu yalipungua kwa karibu asilimia 80. Hata hivyo madaktari wengi hawakushawishika. Tiba ya kikombe ilionekana kuwa ya kimaskini mno kwa ugonjwa mkali kiasi kile.

Kilichowashawishi ni vita. Mwaka 1971 mamilioni ya watu walikimbia Pakistan ya Mashariki, inayoitwa sasa Bangladesh, wakaingia India. Katika mji wa mpakani wa Bangaon, Dilip Mahalanabis alikuta hospitali ndogo ambayo sakafu zake zilikuwa zimefunikwa na wagonjwa wa kipindupindu wakilala juu ya uchafu wao, na akiba ya dripu ikaelekea kwisha. Akaamua kutumia alichokuwa nacho: kwa kila lita ya maji, gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea. Unga ulipimwa na kufungwa Kolkata, ukapelekwa Bangaon, ukachanganywa kwenye mapipa yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa ndio waliokuwa wakichota na kunywesha. Vifo, vilivyokuwa vikifikia asilimia 30, vikashuka hadi asilimia 3.6.

Mwaka 1978 jarida la tiba la Lancet liliandika kwamba ugunduzi wa mlango huu wa sodiamu na glukosi huenda ukawa ndio hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ya 20. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa dunia wa kudhibiti magonjwa ya kuhara.

1974–1993: Pakiti inafika zahanati

Wimbi la saba la kipindupindu, lililoanzia Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961, lilifika Afrika mwaka 1970 na Tanzania mwaka 1974. Mlipuko mkubwa ulifuata mwaka 1977 na 1978. Tanzania ilikuwa na jambo moja la kujivunia: baada ya Azimio la Arusha serikali ilikuwa imejenga zahanati vijijini kuliko nchi nyingi zilizolingana nayo kwa umaskini, kwa hiyo pakiti zilipokuja zilikuta rafu ya kukaa. Katika miaka ya 1980 UNICEF ikaiweka tiba ya kunywa katika kampeni yake ya kuokoa watoto, pamoja na chanjo, unyonyeshaji na upimaji wa uzito.

Pakiti zilipokosekana, akina mama walifundishwa kutengeneza nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Sukari ya mezani si glukosi tupu, lakini utumbo wenyewe huivunja na kupata glukosi ndani yake. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo nao unasaidia, kwa kuwa wanga humeng'enywa taratibu na kuachia glukosi kidogo kidogo pale pale mlangoni. Hatari ilikuwa chumvi. Kijiko kikifurika, mtoto anaweza kudhurika vibaya, na ndiyo sababu watu wa afya walizidi kuipendelea pakiti iliyopimwa. Pakiti ina potasiamu pia, gramu 1.5 za chumvi yake, ambayo sukari na chumvi ya jikoni haviwezi kuirudisha. Katika mkoa wa Kagera, ambako ndizi ndicho chakula, potasiamu ya kumrudishia mtoto anayepona ilikuwa shambani nyuma ya nyumba.

Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu karibu 700,000 wakakimbilia Rwanda, Zaire na Tanzania. Ngara ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizowapokea. Wengi walikufa miezi ile kwa kuhara damu na utapiamlo. Warundi wengi walirudi kwao mapema mwaka uliofuata, lakini sehemu ya mashirika na akiba ilikuwa imebaki eneo hili. Ngara iliingia Aprili 1994 ikiwa imeshapata somo la kwanza, kwa gharama ya roho za watu.

1994: Benaco

Magazeti yaliandika kwamba Benaco ulikuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Moshi wa kuni ulilifunika bonde zima asubuhi. Turubai za bluu zilitandazwa juu ya matawi ya miti yaliyokatwa siku hiyo hiyo. Miongoni mwa waliokaa chini ya turubai hizo walikuwamo waliookoka kwa shida na waliokuwa wameua, na viongozi wa baadhi ya wilaya za Rwanda walikuja na mamlaka yao yote, wakaendelea kuamua nani apate nini. Wahudumu wa afya hawakuweza kuchagua. Utumbo wa mtoto hauna upande.

Hospitali za Murgwanza na Rulenge, za makanisa, ndizo zilizokuwa msaada wa karibu wa wenyeji, na hazikujengwa kwa ajili ya robo milioni ya watu. Kazi ikapelekwa kwenye mahema. Msalaba Mwekundu wa Tanzania na washirika wake, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na mashirika mengine yalifungua vituo. Maji yakasukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi, yakatulizwa kwa shabu na kutiwa klorini kabla hayajafika mabombani. Watu wengi huikumbuka pakiti na kusahau maji haya. Lita moja ya ORS iliyochanganywa kwa maji ya bwawa yasiyotibiwa inaingiza bakteria kwa mlango ule ule inaoingizia uhai.

Ndani ya hema la kunyweshea, kazi ni ya mkono na uvumilivu. Mhudumu anafinya ngozi ya tumbo la mtoto, anaiachia, anaangalia inavyorudi. Ikirudi polepole, macho yakiwa yamedidimia na mtoto akikidaka kikombe kwa pupa, upungufu wa maji upo. Anampima uzito. Kwa kila kilo, mililita 75 katika saa nne: mtoto wa kilo 10 anahitaji mililita 750. Mama anakaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, anamnywesha kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili. Mtoto akitapika, wanasubiri dakika 10, wanaanza tena, taratibu zaidi. Katika kutapika huko mama wengi hukata tamaa, wakidhani dawa imekataa. Haijakataa. Kila kijiko kinachobaki, hata nusu yake, kinafika kwenye utando, na sodiamu na glukosi zinavuka. Baada ya saa mbili au tatu mtoto anakojoa, na wahudumu wa hema zima hupenda kuambizana habari hiyo.

Hesabu ya mzigo nayo ina maana yake. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekauka kabisa kwa kipindupindu anahitaji dripu ya lita sita. Watu 1,000 wa aina hiyo ni tani sita za maji katika mifuko, pamoja na sindano na watu wanaojua kutafuta mshipa. Pakiti za kuwanywesha watu 1,000 lita sita kila mmoja hazifiki kilo 170. Kwa lori linalotoka Mwanza kupitia Biharamulo na Lusahunga kwa barabara za wakati ule, tofauti hiyo ni ya siku na ya roho.

Kilichoweza kutokea bila maji wala muda kilionekana Julai mwaka huo huo, upande wa pili wa Rwanda. Goma, Zaire, ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kwa siku chache, juu ya miamba ya volkano isiyochimbika choo wala kisima. Kipindupindu kilithibitishwa Julai 20. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, kwa kipindupindu na kuhara damu. Pakiti zilikuwa zile zile, na mlango wa Crane ulikuwa ule ule katika kila utumbo. Wengi walikutwa wamekufa kando ya barabara, bila kufika kituo chochote.

Ngara haikupata janga la ukubwa ule, na mazingira yalichangia: udongo unaochimbika, maji yaliyoweza kusukumwa, akiba iliyobaki ya mwaka uliotangulia. Adui mkubwa wa Benaco alikuwa mwingine.

Kuhara damu: mlango unaovunjwa

Shigella wa aina ya kwanza alikuwa ameenea ukanda wa Maziwa Makuu tangu mwaka 1979, alipoibuka kaskazini mashariki ya Zaire. Yeye hafanyi kama kipindupindu. Akifika kwenye seli ya utumbo mpana, huingiza protini zake ndani kwa mfano wa sindano, na protini hizo huufanya utando wa seli uinuke, umzunguke na kumkumbatia, hadi akawa ndani. Akishaingia huzaana, huhamia seli ya jirani bila kutoka nje, na sumu yake huua seli. Damu inayoonekana ni ya kidonda.

Kwa ugonjwa kama huo ORS ina kazi, maana mgonjwa bado anapoteza maji na utumbo mdogo bado unanyonya, lakini haiwezi kumaliza kazi. Zinahitajika viuavijasumu, na Shigella wa ukanda huu alikuwa ameshakuwa sugu kwa dawa za bei nafuu, moja baada ya nyingine, hata asidi ya nalidiksiki iliyotegemewa. Dawa iliyofaa ilikuwa ghali, ikabidi itunzwe kwa wagonjwa walio hatarini zaidi: watoto wadogo, wazee, wajawazito, wenye utapiamlo. Wengine walipewa maji, chakula na sabuni. Huo ulikuwa uamuzi mgumu, na waliouchukua walikuwa wakiuchukua kila asubuhi.

Mwishoni mwa Agosti 1994 Tanzania ilikuwa na Wanyarwanda wapatao 577,000, wengi wao Ngara na Karagwe. Benaco ikapunguzwa msongamano kwa kufunguliwa kambi nyingine, zikiwemo Lumasi na Musuhura. Kambi ya Lukole ikabaki ya Warundi. Vijiji vya Wahangaza na Washubi, wenyeji wa Ngara, viligawana kuni, visima na zahanati na majirani hao kwa zaidi ya miaka miwili, na habari hiyo haijaandikwa vya kutosha.

1995–2015: Kambi zinafungwa, pakiti inabadilika

Machi 31, 1995, Tanzania ilifunga mpaka. Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kabla ya mwisho wa mwaka. Baadhi walijaribu kukimbilia ndani ya nchi, wakageuzwa, na barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii kuelekea magharibi. Lukole iliendelea zaidi ya miaka 10 baada ya hapo.

Pakiti yenyewe ilirekebishwa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza chumvi kutoka gramu 3.5 hadi 2.6 na glukosi kutoka gramu 20 hadi 13.5 kwa lita. Sababu ni ile ile iliyomwangusha Phillips, kwa kiwango kidogo: mchanganyiko mwepesi hauvuti maji kuja utumboni, na kutapika na kuharisha kwa watoto hupungua. Mwaka 2004 vidonge vya zinki viliongezwa, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa walio chini ya miezi sita.

Mei 2015 Warundi walikimbia tena, na maelfu walikwama Kagunga, kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikawapata watu karibu 3,000. Waliofariki walikuwa 31. Katika mazingira yale, na tukikumbuka Goma, hiyo ni kazi kubwa iliyofanywa na watu wenye vikombe.

2024–2025: Biharamulo

Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza Dodoma, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, kwamba homa ya Marburg imethibitishwa Kagera. Wilaya ilikuwa Biharamulo. Ilikuwa mara ya pili kwa mkoa: mwaka 2023 virusi hivyo viliua watu sita kati ya tisa katika Wilaya ya Bukoba.

Marburg ilijulikana mwaka 1967, wafanyakazi wa maabara Ujerumani na Yugoslavia walipougua baada ya kushika tumbili walioletwa kutoka Uganda. Kati ya watu 31 walikufa saba. Kwa miaka 44 hakuna aliyejua kwa hakika virusi hivyo vinapitaje kuingia. Jibu lilikuja mwaka 2011. Kirusi hujishikiza nje ya seli, na seli, kwa kawaida yake ya kumeza matone ya kilicho nje, inakimeza ndani ya kifuko cha utando. Bado hakijaingia kikamilifu, kimefungiwa. Ndani ya kifuko hicho kuna protini iitwayo NPC1, ambayo kazi yake halali ni kuhamisha kolesteroli. Kirusi kinajifunga kwayo, utando wake unaungana na utando wa kifuko, na yaliyomo yanamwagika ndani ya seli. Ebola hupita hapo hapo.

Mgonjwa wa Marburg hutapika na kuharisha sana kabla ya kutokwa na damu. Kwa hiyo katika wodi ya kutengwa, wahudumu wakiwa ndani ya mavazi ya kujikinga, tiba ya kwanza ni maji na chumvi zake, kwa mshipa au kwa kikombe, kwa mlango ule ule aliouchora Crane. Chanjo na dawa zilizoidhinishwa hazikuwapo. Rwanda, ng'ambo ya Rusumo, ilikuwa imetoka kwenye mlipuko wake kati ya Septemba na Desemba 2024: wagonjwa 66, vifo 15. Huko wagonjwa walipata uangalizi wa karibu wa hospitali kubwa, dawa ya remdesiviri, na kingamwili za majaribio zinazoshika sehemu ya kirusi inayojifunga kwa NPC1, ili isiufikie mlango.

Biharamulo watu waliofuatiliwa kwa kuwa karibu na wagonjwa walikuwa 281, na Machi 13, 2025, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, Waziri wa Afya Jenista Mhagama alitangaza mlipuko umekwisha. Waliougua kwa hesabu rasmi walikuwa 10: wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa. Wote walifariki, na wale wanane walikuwa wameshakufa kabla maabara haijathibitisha kuwa ugonjwa ulioingia wilayani ni Marburg.